Tarishi wa Angani

Tarishi ni mtu ambaye historia aghalabu humsahau. Wafalme huandikwa, majemadari huimbwa, na mikataba huwekwa katika makasha ipate kudumu. Walakini mtu aliyechukua waraka kutoka kambi hii hata kambi ile, akavuka mto usiku na kurudi alfajiri na jibu, hana jina. Hata hivyo hakuna vita vilivyopiganwa wala nchi iliyotawaliwa bila yeye. Katika karne ya ishirini kazi yake ilipewa chombo cha kuruka. Ikatokea eropleni ndogo ya jeshi, isiyochukua mabomu wala kupigana na ndege wenzake, ambayo wajibu wake ulikuwa kupeleka habari, kuchukua ofisa mmoja au wawili, kumtoa majeruhi mahali pasipo njia, na kutazama kutoka juu jambo ambalo mtu wa chini haliwezi jicho lake. Ndege ya namna hiyo ni tarishi wa angani.

Sifa za tarishi huyo si mbio. Ndege ya vita husifiwa kwa kasi, na ndege ya abiria husifiwa kwa wingi wa watu iwachukuao. Tarishi husifiwa kwa kuweza kwenda polepole bila kuanguka, na kutua mahali pafupi pasipotengenezwa. Wajerumani waliipata sifa hiyo katika ndege iliyoitwa Fieseler Storch, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Jina hilo maana yake ni korongo, na kweli miguu yake mirefu na mbawa zake pana zilimkumbusha mtazamaji ndege wa ziwani. Tarehe 12 Septemba 1943 ndege moja ya aina hiyo ilimchukua Mussolini juu ya mlima wa Gran Sasso, mahali ambapo ndege kubwa isingeweza kutua. Waingereza nao walikuwa na Lysander na Auster, na Wamarekani walikuwa na ndege ndogo za Piper. Kila jeshi lilijifunza kwamba jicho na mguu mwepesi vina thamani sawa na bunduki.

Afrika ya Mashariki iliujua upande mchungu wa maarifa hayo. Katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, Waingereza walirusha ndege ndogo za Auster zilizofungwa vipaza sauti juu ya misitu, ili kuwaita wapiganaji watoke na kujisalimisha. Hapo tarishi alikuwa anasema tu. Alipiga kelele kutoka mawinguni, wala hakuwa na sikio la kupokea jibu. Jambo hili linafaa kuwekwa moyoni, kwa sababu litarudi tena katika habari hii kwa sura nyingine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilikatazwa kujenga ndege. Fundi mashuhuri Claudius Dornier akafungua ofisi ya uchoraji huko Madrid, na kwa haja ya serikali ya Hispania akachora ndege ndogo ya kazi nyingi iliyoitwa Do 25, iliyoruka mwaka 1954. Kutoka katika hiyo ikazaliwa Do 27, iliyoruka mwaka 1955, mwaka ule ule ambao Ujerumani ya Magharibi ilipata tena ruhusa ya kuwa na jeshi na kujenga ndege. Ilikuwa ndege ya kwanza kutengenezwa kwa wingi nchini humo tangu vita. Bawa lake lilikuwa juu ya chumba cha abiria, bila nguzo za kulishikilia, nalo lilikuwa na upana wa mita 12 kutoka ncha hata ncha. Magurudumu yake hayakukunjwa. Injini yake moja ya Lycoming ilikuwa na nguvu za farasi 270 hivi, na madirisha yake makubwa yalimwezesha aliyeketi ndani kuitazama nchi kama mtu aliye barazani. Zaidi ya ndege 600 za aina hii zilijengwa, na sehemu kubwa yake ilichukuliwa na jeshi la Ujerumani ya Magharibi kwa kazi ile ile ya tarishi.

Moja miongoni mwa ndege hizo haikwenda kambini. Ilipakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa mistari kama punda milia, ikapewa alama ya usajili D-ENTE, neno ambalo kwa Kijerumani lamaanisha bata, na mwezi wa Desemba 1957 ikaondoka Ujerumani kuja Tanganyika. Ndani yake walikuwamo Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Nchi waliyoijia ni uwanda wa Serengeti. Na ili kuelewa jambo walilolifuata, yafaa kwanza kuitazama nchi hiyo kutoka upande wake wa magharibi, upande ambao wageni wengi huusahau.

Shishiyu ni kata katika wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulitengwa na Shinyanga mwaka 2012, makao yake yakawa Bariadi, nao umepewa jina la mto ambao chanzo chake ki katika nyanda za Serengeti na mwisho wake ni Ziwa Viktoria. Jina hilo peke yake ni ushahidi kwamba nchi ya wakulima na nchi ya wanyama ni nchi moja: maji yanayonywewa na nyumbu asubuhi huteremka kwenda kwa watu. Zamani za ukoloni wilaya ya Maswa ilikuwa pana kuliko ilivyo leo, ikienea kuelekea mashariki hata kuzigusa mbuga zenyewe. Wasukuma wa huko ni watu wa mtama, mahindi, pamba na ng'ombe. Katika miaka ile ile ya 1950 pamba yao ilikuwa imewapa nguvu mpya. Mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika viliungana katika shirikisho lenye makao Mwanza, na Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Hawakuwa watu wasiojua kuhesabu. Walijua idadi ya mifugo yao na uzito wa pamba yao, na walijua ni nani anayewapunja.

Upande wa mashariki wa nchi hiyo serikali ya Kiingereza ilikuwa imeweka Mbuga ya Taifa ya Serengeti, iliyopata utawala wake kamili mwaka 1951. Wamasai walikuwa wakiishi na kuchunga ndani yake, na ugomvi ukatokea juu ya haki yao. Serikali ikakusudia kuigawa nchi: nyanda za magharibi ziwe mbuga isiyo na watu, na upande wa mashariki pamoja na bonde la Ngorongoro utengwe, watu na wanyama wakae pamoja. Swali likawa hili: mpaka upite wapi? Nyumbu hawaketi mahali pamoja. Wakati wa mvua hula majani mafupi ya kusini-mashariki. Nchi ikikauka huenda magharibi, wakielekea upande wa Ziwa, kisha kaskazini mpaka Mara. Aliyetaka kuweka mpaka wa haki alipaswa kwanza kujua njia yao, na njia hiyo hapakuwa na mtu aliyeiona yote.

Hapo ndipo ndege ya tarishi ilipodhihirisha ubora wake. Ndege kubwa ingepita kwa kasi, na mnyama angeonekana kama nukta. Gari lingeona bonde moja na kukosa la pili. Do 27 iliweza kwenda polepole karibu na ardhi, na kutua uwandani penye majani bila kuandaliwa kiwanja. Baba na mwana waliigawa nchi katika sehemu, wakaruka kwa mistari iliyonyooka, mmoja akishika usukani na wengine wakihesabu kupitia madirisha. Baadhi ya wanyama walifungwa ukosi wa rangi ili watambulikane kutoka juu. Mwisho wa hesabu yao walipata wanyama wakubwa zaidi ya 366,000, na kati yao nyumbu karibu 100,000. Tena waliona jambo lililokuwa na uzito kuliko hesabu: makundi yalikuwa yakivuka mpaka uliopendekezwa na kukaa nje yake katika miezi ya mvua. Mstari uliochorwa ofisini haukufuata nyayo.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek alikuwa akirusha ndege peke yake. Tumbusi akaligonga bawa la kuume, ndege ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro chini ya rundo la mawe, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa kuwekwa kando ya mwanawe. Chombo kilichobuniwa ili kiruke polepole kama ndege wa porini kiliangushwa na ndege wa porini. Mwenye kupenda mafumbo aweza kutafuta fumbo hapo, lakini mzazi aliyebaki hakuona fumbo, aliona msiba. Aliimaliza filamu waliyoianza pamoja, ambayo ilitoka mwaka huo huo na kupata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Jina la Serengeti likajulikana katika nyumba za Ulaya na Marekani ambako hapo awali halikupata kutajwa.

Je, habari aliyoileta tarishi ilisikiwa? Kwa nusu. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walikwisha kutia sahihi mapatano ya kuondoka katika nyanda za magharibi, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la peke yake, na eneo la kaskazini likaongezwa katika mbuga hata mpaka wa Kenya. Nyanda za mashariki, ambazo ndege ilizionyesha kuwa ni malisho ya nyumbu wakati wa mvua, zilibaki nje ya mbuga. Kwa hiyo wahesabuji hawakupata walichokitaka, na Wamasai wakapoteza walichokuwa nacho. Bernhard Grzimek mwenyewe alishikilia kwamba mbuga ya taifa haina budi kuwa bila watu, hata wenyeji. Hiyo haikuwa hesabu iliyotoka dirishani; ilikuwa imani aliyopanda nayo ndegeni. Jicho la juu huona kilichopo, lakini halioni ni nani mwenye haki ya kuwapo.

Wala hesabu yenyewe haikukosa kasoro. Mwaka 1961 watu wengine walihesabu tena, wakapata nyumbu zaidi ya 200,000. Haiyumkiniki wanyama kuzaana hata kuongezeka mara mbili katika miaka mitatu. Basi bila shaka wengi walikosekana katika hesabu ya kwanza. Jicho huchoka, vumbi huficha, na kundi lililo nyuma ya kilima si kundi lisilokuwapo. Huu si upungufu wa kuwaaibisha waliotangulia. Aliyepima kwanza humpa wa pili kitu cha kusahihisha, na asiyepima kabisa humwachia wa pili giza.

Lakini baada ya hapo lilitokea ongezeko la kweli, ambalo hakuna mtu aliyelitabiri kutoka mawinguni. Kufikia mwaka 1977 nyumbu wa Serengeti walikuwa wapata 1,300,000. Sababu yake haikuwa mpaka, wala filamu, wala askari wa wanyama. Sababu ilikuwa ng'ombe. Tangu miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulikuwa ukiwaua ng'ombe, nyati na nyumbu, na ulipoingia mara ya kwanza uliwafukarisha wafugaji wa nchi hizi wote. Kwa miaka mingi watu wa serikali walidhani kwamba wanyama wa porini ndio ghala ya ugonjwa huo, na kwamba ng'ombe huambukizwa nao. Ng'ombe walioizunguka mbuga walipodungwa sindano mfululizo, sotoka ikatoweka katika nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, bila hata nyumbu mmoja kudungwa. Ndipo ikajulikana kwamba ghala ilikuwa zizini. Ndama wa nyumbu, ambao walikuwa wakifa katika mwaka wao wa kwanza, wakaanza kuishi. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa imeepukana na sotoka.

Maana ya jambo hili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ndege ya mistari iliruka juu ya nyumbu kwa miezi mingi, ikaona idadi yao, ikaona njia yao, isione ugonjwa uliowazuia kuongezeka. Sababu ilikuwa chini, katika mazizi ya wafugaji walioizunguka mbuga, watu ambao mjadala wa mipaka uliwahesabu kuwa adui wa wanyama. Mfugaji aliyekubali kuwapeleka ng'ombe wake wadungwe sindano alifanya kwa ajili ya nyumbu kazi ambayo mbawa hazikuifanya. Hakupewa tuzo wala hakuwekewa kaburi ukingoni mwa bonde. Naye ni tarishi asiye na jina.

Wakati huo huo ndugu wa ndege ile walikuwa wakifanya kazi nyingine kusini. Ureno ilipata Do 27 nyingi na kuzitumia katika vita vyake vya kushikilia makoloni, Angola, Guinea na Msumbiji. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964, na juu ya misitu ya kaskazini mwa Msumbiji zikaruka ndege za umbo lile lile lililowahesabu punda milia wa Serengeti, zikichukua maofisa na majeruhi wa Kireno, zikitafuta nyayo za wapiganaji. Wepesi wake haukuzilinda daima: mwaka 1973 huko Guinea makombora ya kurushwa begani yaliangusha ndege za Ureno, na Do 27 zilikuwa miongoni mwao. Chombo hakina dhamiri. Dirisha kubwa lililofaa kumwona swala lilifaa vilevile kumwona mtu anayekimbia.

Tanzania yenyewe ilijifunza kwa njia yake kwamba ndege ndogo huweza kuwa na kamba ndefu. Baada ya kuungana na Zanzibar mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi ilikuwa imeanza kuisaidia kuunda kikosi chake cha anga. Mwezi wa Februari 1965, Tanzania iliporuhusu Ujerumani ya Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, serikali ya Bonn iliwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Rais Nyerere alijibu kwa kuukataa na msaada mwingine wa serikali hiyo, kwa kuwa msaada unaonunua uamuzi wa nchi si msaada. Wakanada wakaingia mahali pao, wakafundisha marubani na kuleta ndege za Otter na Caribou, ambazo nazo husifiwa kwa kutua penye viwanja vifupi. Nchi changa iliyokuwa na barabara chache ilihitaji tarishi wa angani kuliko ilivyohitaji ndege za mapigano. Lakini ilitaka tarishi aliye wake.

Ukirudi upande wa Maswa, utaona kwamba mpaka haukutulia. Mwaka 1962 liliwekwa Pori la Akiba la Maswa upande wa kusini-magharibi wa mbuga, kati ya wanyama na mashamba, na mistari yake imebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Watu waliongezeka, ng'ombe waliongezeka, mashamba ya pamba yalisogea mashariki, na nyama ya porini ilibaki kuwa chakula cha maskini na biashara ya wengine. Ndege ndogo bado huruka juu ya nchi hiyo kuhesabu na kulinda. Tarehe 29 Januari 2016 rubani Mwingereza, Roger Gower, alikuwa akitafuta wawindaji haramu wa tembo kwa helikopta juu ya pori hilo la Maswa. Alipigwa risasi kutoka chini, akaweza kukiteremsha chombo chake, kisha akafa. Michael Grzimek aliuawa na ajali ya tumbusi. Huyu aliuawa na mkono wa mtu. Kati ya vifo hivyo viwili ipo miaka 57, na nchi ni ile ile.

Mwuaji hana udhuru, na tembo aliyeuawa kwa ajili ya pembe harudi. Hata hivyo mwenye kuandika historia hapaswi kuishia kwenye lawama. Tangu mwaka 1957 hata leo, nchi kati ya Shishiyu na Ngorongoro imetazamwa kutoka juu kuliko ilivyosikilizwa kutoka chini. Imehesabiwa, imepigwa picha, imechorewa mipaka. Na mara nyingi mtu aishiye kando ya mpaka amepata habari za mpaka huo siku alipokamatwa kwa kuuvuka. Kama vile vipaza sauti juu ya misitu ya Kenya, ujumbe umekuwa wa kuteremka tu.

Hili silo kosa la ndege. Bila ndege ile ya mistari, njia ya nyumbu ingebaki hadithi, na pengine Serengeti ingekatwa vipande na watu wasiojua wanachokikata. Alichokosa si chombo, bali ni desturi ya kazi yake. Tarishi wa kale, yule asiye na jina, hakuhesabiwa kuwa ametimiza wajibu kwa kufikisha waraka tu. Alingoja mlangoni mpaka apewe jibu, na kama jibu lilikuwa chungu, alilichukua vilevile na kulifikisha kwa aliyemtuma. Siku tarishi wa angani atakapotua Shishiyu, akazima injini, akaketi chini ya mti na wenye ng'ombe na kuuliza wanachokijua, ndipo kazi aliyoianza juu ya nyanda itakapokuwa imefika mwisho wake.